Funzo la Penisilini: Jinsi Kiwanda cha Dawa Kinavyojifunza

Vitabu vya shule hueleza kwamba penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haitoshi. Tangu siku Fleming alipoiona kuvu yake mpaka siku dawa hiyo ilipoanza kutengenezwa kwa wingi, ilipita miaka kumi na mitano na zaidi. Katika muda huo watu wasiohesabika walikufa kwa vidonda vilivyooza, kwa homa ya mapafu na kwa homa ya uzazi, ilhali habari ya kitu ambacho kingaliweza kuwaokoa wengi wao ilikuwa imekwisha pigwa chapa na kuwekwa maktabani. Hapana budi kuuliza: kilichokosekana kilikuwa nini?

Kilichokosekana si habari, bali ni ujuzi wa kutengeneza. Ujuzi wa namna hiyo hauzaliwi na mtu mmoja, wala hauwezi kuhifadhiwa wote kitabuni. Huzaliwa pale watu wenye fani mbalimbali wanapofanya kazi pamoja, nao hukaa katika shirika zima: katika mikono ya mafundi, katika madaftari, katika mitambo na katika desturi za kazi. Makala haya yanaeleza, kwa kutumia mfano wa penisilini, jinsi ujuzi huo unavyozaliwa, unavyokua na unavyoweza kupotea.

Aina mbili za maarifa

Yako maarifa yanayoandikika: kanuni ya kemikali, kiasi cha joto, muda wa kuchemsha. Yako pia maarifa yaliyofichika katika mazoea ya macho, pua na mikono. Mwanafunzi aweza kukariri vipimo vya unga, maji na mafuta, asiweze bado kupika chapati laini. Mpishi hodari hujua kwa kugusa donge kwamba maji yametosha, ingawa pengine hawezi kueleza amejuaje.

Michael Polanyi, mwanakemia mzaliwa wa Hungaria aliyegeukia falsafa, alilieleza jambo hili katika kitabu alichokitoa mwaka 1966. Mnamo mwaka 1995 wataalamu wawili wa Japani, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walilitumia wazo hilo kueleza habari za makampuni. Kwa maoni yao, shirika huumba maarifa mapya pale yale yaliyofichika yanapotolewa nje na kuandikwa, yakaunganishwa na mengine, kisha yakarudi mikononi mwa watu kwa njia ya mazoezi. Mzunguko huo ukikatika mahali pamoja, kujifunza nako hukoma. Wahenga waliligusa jambo hilo waliposema kwamba elimu bila amali ni kama nta bila asali.

Kilichoshindikana London

Fleming alikuwa mtaalamu wa bakteria katika Hospitali ya St Mary's. Mwezi Septemba 1928 aliona kwamba kuvu iliyoangukia katika sahani yake ya kuoteshea bakteria ilikuwa imezungukwa na eneo tupu, kwa sababu bakteria waliokuwa karibu nayo walikuwa wamekufa. Majimaji yaliyotokana na kuvu hiyo aliyaita penisilini, na mwaka 1929 akatangaza matokeo yake katika jarida la kitaalamu ambalo msomi yeyote angeweza kulisoma.

Hata hivyo, hakuwa na mwanakemia mzoefu wa kushirikiana naye. Wasaidizi wake vijana walijaribu kuitenga dawa ile kutoka katika majimaji yake, wasifaulu. Mwaka 1932 Harold Raistrick, bingwa wa kemia ya kuvu, naye alijaribu. Aliona kwamba majimaji yakitiwa asidi, penisilini huhamia katika etha. Lakini etha ilipovukizwa ili ibaki dawa peke yake, nguvu ya dawa ilitoweka. Basi kila mmoja alishika kipande cha maarifa, na vipande havikukutana.

Oxford: fani mbalimbali chini ya paa moja

Vipande vilikutana Oxford kuanzia mwaka 1939. Kiongozi alikuwa Howard Florey, daktari mzaliwa wa Australia. Pamoja naye walikuwapo Ernst Chain, mwanabayokemia aliyekimbia Ujerumani mwaka 1933, na Norman Heatley, mwanabayokemia mwenye mikono ya fundi. Walikuwapo pia wataalamu wa bakteria, madaktari, na wasichana walioajiriwa kuitunza kuvu.

Kikwazo kilichomshinda Raistrick kiliondolewa na Heatley kwa njia iliyo rahisi kuieleza. Ikiwa asidi huifanya penisilini iingie katika etha, basi ikitikiswa pamoja na maji yenye alkali kidogo yapasa irudi katika maji, na hapo hakuna haja ya kuvukiza kitu. Kazi yote ilifanywa kwa baridi na kwa haraka, kwa kuwa penisilini huharibika upesi ikikaa katika asidi. Heatley alibuni pia njia ya kupima nguvu ya dawa kwa kutazama upana wa eneo ambamo bakteria wamekufa katika sahani. Kipimo hicho kina umuhimu mkubwa kuliko kinavyodhaniwa. Bila ya kipimo, mtu aliyebadili jambo fulani katika kazi yake hawezi kujua kama amepata au amekosa. Na asiyejua kama amepata au amekosa hawezi kujifunza.

Tarehe 25 Mei 1940 panya wanane walidungwa bakteria wa kufisha. Wanne kati yao walipewa penisilini. Kulipopambazuka, wale wanne waliopewa dawa walikuwa hai, na wale wengine wote walikuwa wamekufa. Mwezi Februari 1941 dawa ilijaribiwa kwa askari polisi mmoja ambaye uso wake ulikuwa umeharibiwa na usaha. Siku chache baadaye alianza kupona. Lakini dawa ilikwisha, hata baada ya watafiti kuikamua tena kutoka katika mkojo wake, na mwezi Machi askari yule alifariki. Maarifa ya kutibu yalikuwa yamepatikana. Ya kutengeneza yalikuwa bado.

Uzito wa tatizo waweza kuonyeshwa kwa hesabu. Kuvu ya Fleming ilitoa vipimo viwili hivi vya dawa katika kila mililita ya majimaji, yaani vipimo 2,000 katika lita moja. Kwa hiyo, ili kupata vipimo 1,000,000, ambavyo katika tiba ya leo si vingi, zingehitajika lita 500, hata kama hakuna tone lililopotea katika kusafisha. Huko Oxford kuvu iliotwa juu ya majimaji machache katika vyombo vya kauri vilivyobuniwa kwa kufuata umbo la vyombo vya haja vya wagonjwa. Kwa njia hiyo, kutibu mtu mmoja kulihitaji jitihada ya jengo zima.

Peoria: ujuzi wa wakulima

Julai 1941 Florey na Heatley walisafiri hadi Marekani, nao wakaelekezwa katika maabara ya Wizara ya Kilimo iliyoko Peoria, jimbo la Illinois. Maabara hiyo haikuwa na habari za dawa. Kazi yake ilikuwa kutafuta matumizi mapya ya mazao ya wakulima, na kwa sababu hiyo watu wake walikuwa wazoefu wa uchachuaji. Andrew Moyer, aliyefanya kazi bega kwa bega na Heatley, alitumia sukari ya maziwa badala ya sukari ya kawaida, kisha akaongeza maji yaliyolowekewa mahindi, ambayo viwanda vya wanga vilikuwa navyo tele. Mazao ya penisilini yakaongezeka mara nyingi.

Mwenzao Kenneth Raper alisimamia utafutaji wa kuvu bora zaidi. Udongo uliletwa kutoka nchi mbalimbali, lakini kuvu iliyoshinda zote ilipatikana mwaka 1943 papo hapo Peoria, katika tikiti lililoanza kuoza. Wataalamu wengine waliipiga kuvu hiyo kwa mionzi ya eksirei na ya urujuanimno, wakachagua wazao wake waliotoa dawa nyingi kuliko wengine. Hatua kwa hatua vipimo viwili katika mililita vikawa mamia.

Ushirikiano huo haukuwa mkamilifu. Heatley alieleza baadaye kwamba Moyer alianza kumficha mambo. Na matokeo ya kazi waliyoifanya pamoja Moyer aliyachapisha kwa jina lake peke yake. Mwaka 1948 Moyer alipewa hataza za njia ya kuzalisha penisilini, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Hapa pana mgogoro ambao haujakwisha katika viwanda vya dawa hadi leo: maarifa hukua yakigawanywa, lakini faida hupatikana kwa kuyazuia.

Tangi la Brooklyn

Ilibaki hatua ya kutoka katika chupa kwenda katika tangi, na hapo zilitakiwa kampuni. Moja kati ya hizo ilikuwa Pfizer ya Brooklyn, New York, iliyoanzishwa mwaka 1849. Wakati huo haikuwa kampuni mashuhuri kwa dawa. Tangu mwaka 1919 ilikuwa ikitengeneza asidi ya sitriki, ile tindikali ya ndimu, kwa kuilisha kuvu sukari, na katika kazi nyingine ya namna hiyo ilikuwa imejifunza kuotesha kuvu ndani kabisa ya tangi lililojaa, badala ya juu ya majimaji tu.

Kwa nini jambo hilo ni gumu? Kuvu ya penisilini huhitaji oksijeni. Ikielea juu ya maji huipata hewani. Ikizamishwa hukosa pumzi. Kwa hiyo hewa lazima isukumwe kutoka chini ya tangi na kukorogwa ili ienee kote. Hewa hiyo lazima isafishwe isiwe na kijidudu hata kimoja, kwa kuwa baadhi ya bakteria hutoa kimeng'enya kinachovunja penisilini; bakteria wachache tu wakipenya, tangi zima huharibika. Aidha, kukoroga huleta povu, na kuvu inayokua hutoa joto ambalo halina budi kuondolewa. Katika chupa ya maabara matatizo haya ni madogo. Katika tangi kubwa, kila moja huhitaji fundi wake.

Malipo ya ujuzi huo ni makubwa. Tangi moja la Brooklyn lilikuwa na ujazo wa galoni 7,500, yaani lita 28,000 hivi, au mita za ujazo 28. Kama majimaji hayo yangetandazwa kwa kina cha sentimita 2, kama yalivyowekwa katika vyombo vya Oxford, yangehitaji eneo la mita za mraba 1,400. Kiwanda kilikuwa na matangi 14. Kwa njia ya zamani yangetakiwa maeneo ya mita za mraba 19,600, karibu viwanja vitatu vya mpira.

Kiwanda hicho, kilichojengwa ndani ya jengo la zamani la kutengenezea barafu, kilifunguliwa tarehe 1 Machi 1944. Wakati huo serikali ya Marekani, kwa ajili ya vita, ilikuwa imeyahimiza makampuni pinzani yapashane habari za utengenezaji. Matokeo yalionekana upesi. Marekani ilitengeneza vipimo bilioni 21 mwaka 1943, bilioni 1,663 mwaka 1944, na zaidi ya bilioni 6,800 mwaka 1945. Bei nayo ilishuka: vipimo 100,000 viliuzwa kwa dola 20 mwaka 1943, na kwa chini ya senti 10 za dola mwaka 1949.

Yafaa kukumbuka kwamba katika miaka hiyohiyo ya vita mamia ya wanakemia wa Uingereza na Marekani walijaribu kuiunda penisilini kwa kemia tupu, bila kuvu. Hawakufaulu kwa kiasi cha maana. Dorothy Hodgkin wa Oxford alionyesha umbo la molekuli yake mwaka 1945, lakini njia kamili ya kuiunda ilipatikana mwaka 1957 tu, kwa kazi ya John Sheehan. Kujua umbo la kitu ni jambo moja. Kuweza kukitengeneza ni jambo jingine.

Wenye hamira na wenye pombe

Mfano wa Delft, Uholanzi, waonyesha upande wa pili wa jambo hili. Wakati wa vita mji huo ulikuwa chini ya majeshi ya Ujerumani, na makala ya Peoria hayakufika huko. Hata hivyo, wataalamu wa kiwanda cha hamira na pombe kali, kwa kuokoteza habari chache za redio na za majarida, walifaulu kwa siri kutengeneza penisilini mwaka 1944, wakaiita Bacinol ili isitambulike. Tetesi chache ziliwatosha kwa sababu walikuwa na miaka mingi ya uzoefu wa uchachuaji. Mbegu ilikuwa ndogo, lakini shamba lilikuwa limekwisha limwa.

Vivyo hivyo, mwaka 1946 huko Kundl, Austria, ilianzishwa kampuni ya kutengeneza penisilini katika jengo lililokuwa kiwanda cha bia. Bakteria walikuwa wakipenya kila mara, na ili kuwazuia wataalamu walitia kemikali fulani katika matangi. Walipochunguza matokeo waligundua kwamba kuvu ilikuwa imeitumia kemikali hiyo kujengea penisilini ya aina nyingine, isiyoharibiwa na asidi ya tumbo, ambayo mgonjwa angeweza kuimeza badala ya kudungwa sindano. Dawa hiyo, iitwayo penisilini V, ingali inatumika. Kiwanda kilijifunza kutokana na tatizo lake chenyewe, kwa sababu walikuwapo watu waliolichunguza badala ya kulifagia tu.

Tofauti iliyokuwa katika daftari

Mfano ulio bora zaidi ni wa kampuni ya Beecham ya Uingereza. Katikati ya miaka ya 1950 ilikuwa mgeni katika fani hii. Kwa ushauri wa Chain, aliyekuwa akifanya kazi Roma wakati huo, iliwapeleka watafiti wake wawili katika maabara yake wakajifunze uchachuaji kwa vitendo. Haikuona kwamba kusoma makala kungetosha.

Waliporudi nyumbani, majimaji ya kuvu yalipimwa kwa njia mbili: kwa kemia, na kwa kuua bakteria. Mwaka 1957 ilionekana kwamba baadhi ya majimaji yalionyesha penisilini nyingi kwa kipimo cha kemia, lakini chache kwa kipimo cha bakteria. Ingekuwa rahisi kusema kwamba kipimo kimoja ni kibovu. Watafiti wa Japani walikuwa wamekwisha iona tofauti kama hiyo mwaka 1953, nayo haikuleta dawa mpya. Pale Beecham wanakemia na wataalamu wa bakteria walikaa pamoja, wakaulizana. Jibu lilikuwa kwamba ndani ya majimaji kulikuwa na kiini kitupu cha penisilini, kisicho na mkia wake, ambacho humenyuka kikemia lakini hakiui bakteria kwa nguvu.

Kiini hicho kilikuwa hazina. Mwanakemia aliweza sasa kukiunganisha na mkia wowote aliotaka, na kupata penisilini ambazo kuvu yenyewe haiwezi kuzitoa. Ugunduzi ulitangazwa mwaka 1959. Mwaka 1960 ilitolewa methisilini, iliyoweza kupambana na bakteria waliokuwa wamekwisha zoea penisilini ya kwanza. Na mwaka 1961 ampisilini, iliyofaa kwa magonjwa mengi zaidi. Dawa hizo zilizaliwa kutokana na namba mbili zisizolingana, zilizoandikwa kwa uaminifu na kusomwa na watu wa fani mbili.

Jinsi ujuzi unavyopotea

Ujuzi wa kiwanda hauna uhai wa milele. Fundi akistaafu bila mwanagenzi, daftari likitupwa, mtambo ukivunjwa, hupungua. Na kampuni ikiacha kabisa kazi fulani, baada ya miaka michache huisahau. Kiwanda cha mwisho cha Marekani kilichokuwa kikichachua penisilini kilifungwa mwaka 2004. Kazi ilihamia zaidi China, ambako ni nafuu. Kile cha Kundl kilibaki, na mwaka 2020 serikali ya Austria ilikubali kuchangia gharama za kukiimarisha, maana iliona kwamba ujuzi huo ukiondoka hautarudi kwa urahisi.

Jambo hili lawahusu watu wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Benzathini penisilini, dawa ya sindano, huwakinga watoto waliokwisha pata homa ya baridi yabisi wasizidi kuharibika moyo, na hutibu kaswende ya mama mjamzito kabla haijamdhuru mtoto tumboni. Kiini cha dawa hiyo hutengenezwa na viwanda vichache mno duniani. Katika miaka ya 2014 hadi 2016 nchi nyingi zilipungukiwa nayo, ingawa namna ya kuitengeneza inajulikana tangu miaka ya 1950 na hakuna hataza inayoizuia. Maandishi yapo wazi kwa wote. Viwanda na mikono yenye mazoea ndivyo vilivyo adimu. Kwa hiyo nchi inayotaka kujitengenezea dawa haiwezi kuanza kwa kununua mitambo tu. Yapasa ijenge pia watu wanaojua uchachuaji, usafishaji na upimaji, iwaweke pamoja kwa muda mrefu, na iwape sababu ya kufundishana.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Katika kiwanda cha dawa maarifa ndiyo mali. Lakini daftari lenyewe halina budi kupata wasomaji wanaoifanya kazi hiyo kwa mikono yao.

Zoezi la darasani

Wanafunzi wagawanyike katika makundi mawili. Kundi la kwanza liandike maelezo kamili ya kutengeneza kitu wanachokijua vema, kwa mfano togwa, chapati au sabuni. Kundi la pili litengeneze kitu hicho kwa kufuata maandishi peke yake, bila kuuliza neno. Kisha makundi yote mawili yaorodheshe mambo ambayo waandishi waliyajua lakini hawakuyaandika, na maelezo yaandikwe upya. Mwalimu aonyeshe ni mambo gani ambayo, hata mara ya pili, hayakuweza kuandikika.

Maswali

1. Kwa nini makala ya Fleming ya mwaka 1929 hayakutosha kuleta dawa hospitalini?
2. Kuvu fulani hutoa vipimo 200 vya penisilini katika kila mililita. Zahitajika lita ngapi za majimaji ili kupata vipimo 1,000,000? Linganisha na kuvu ya Fleming.
3. Eleza kwa nini kuotesha kuvu ndani ya tangi kubwa ni kugumu kuliko kuiotesha katika chupa.
4. Wataalamu wa Delft walikuwa na habari chache, nao walifaulu. Ni nini kilichowawezesha?
5. Jadili: je, hataza huendeleza maarifa ya dawa au huyazuia? Toa sababu za pande zote mbili.